Pumba Zangu

Siku tano nilimwaga pumba za mahindi penye kina, kwenye kona ya Mto Ngerengere, ili kambale wazoee kuja pale. Siku ya sita nikamkuta Gervas amekaa juu ya jiwe langu, anatafuna kambale wa kuchoma.

"Mto hauna mwenyewe," akasema kabla sijafungua mdomo.

Nikachukua kambale mmoja kwenye ndoo yake, nikampasua tumbo. Pumba zikanimwagikia kiganjani, zinanuka machicha ya pombe niliyochanganya mwenyewe.

"Kumbe ulikuwa unanilishia," akacheka.

"Za jana nilitia sumu ya panya," nikasema. "Umekula wangapi?"

Akaacha kutafuna. Akatema, akakurupuka, akakimbilia barabarani bila ndoo.

Nikakaa kwenye jiwe langu, nikamalizia samaki wake.