Mwanamume Aliyeongoza Farasi

Kerubo alikuwa ameegemea uzio wa uwanja wa mbio za farasi, karibu na mji wa Arlington, ughaibuni, pamoja na kina mama wa kanisani, alipomwona mumewe akitembea akimwongoza farasi kwa kamba. Asubuhi hiyo alikuwa ameaga kwamba anaenda ofisini. Shati jeupe alilompigia pasi lilikuwa limelowa mapovu ya jasho la farasi hadi kwenye kola.

“Kerubo, huyo si mzee wako?” mama mmoja akauliza.

Mumewe akainua macho, akasimama. Farasi alimvuta, lakini hakusogea. Alikuwa akimngoja Kerubo ajibu.

“Hapana,” Kerubo akasema. “Wangu yuko kazini.”

Mumewe alisikia. Akampapasa farasi shingoni, akaendelea na njia yake.

Kerubo aliinua mkono amwite, kisha akaushusha juu ya uzio.