Chiriku Anavuma Bure

Zamani za wanyama kwenda taarabu, Nguchiro aliwachosha wenzake kwa neno moja: kwamba Chiriku anavuma bure.

"Sauti ya kawaida, sifa kubwa," alimwambia Kuku aliyeketi ubavuni pake. "Na maneno yake hata hayasikiki."

"Mimi huyo ndiye anayenituliza," alisema Kuku, "tangu mayai yangu yaibwe."

"Pole sana, dada," akasema Nguchiro upesi.

Jukwaani Chiriku akaanza wimbo mpya, wa mgeni aliyekula vya watu kisha akarudi kutoa pole.

Nguchiro akasimama juu ya kiti. "Unanisema mimi, Chiriku. Na yalikuwa mayai matatu tu."

Kuku akainuka polepole, akajifunga kibwebwe.

"Kumbe maneno yanasikika," alisema.