Lori Iliyokataa Kupoa

Mvuke ukafoka tena kwenye rejeta. Katembo akaruka nyuma, akipuliza vidole.

"Hii mashini iko na shetani," akasema.

Alikuwa fundi, mtu wa Butembo, ng'ambo ya mpaka, na Bwera nzima ilimjua. Tangu Jumatatu alikuwa amebadilisha pampu ya maji, mkanda wa feni na gasiketi. Lori ikiwashwa inanguruma vizuri. Kabla hujamaliza chai, inachemka.

Enoka, dereva wa lori ile, alikaa kwenye bampa akiitazama barabara ya Kasese. Afande mmoja wa jeshi alikuwa amesema atakuja mchana huo, amchukue yeye na lori, wakabebe mizigo ya jeshi. Hakusema mizigo gani, wala ya kupeleka wapi. Alisema tu, "Isipowaka, utaniona."

"Lori ya Musitafa ilikuwa nzima," Katembo akasema. "Akaenda na afande. Mupaka leo hajarudi."

"Labda alipata bibi huko."

"Bibi gani anakataza mutu hata kusalimia mama yake?"

Enoka akatema mate.

Mama yake, Yunia, akatokea na ndoo kichwani, kama jana na juzi. Mwenye mtoto dereva hana usingizi, na Yunia alikuwa na huyo mmoja tu. Hakutaka mtu mwingine achote maji. Aliyamimina mwenyewe kwenye rejeta, polepole, kama anayemnywesha mgonjwa uji.

"Mama, haya maji mbona iko na rangi ya maziwa?" Katembo akauliza.

"Mvua imenyesha mlimani. Mto umechafuka." Kisha akamkazia macho. "Fundi, niambie kweli. Itapona?"

Katembo akaitupa spana chini. "Nimeshindwa, mama. Imekufa."

Yunia akakaa chini, akajifunika uso kwa leso. Mabega yakatikisika.

"Usilie, mama," Enoka akamwambia. "Chuma ni chuma tu."

Gari ya jeshi ikaingia uani hapo hapo. Afande akateremka, akagusa boneti, akaondoa mkono haraka.

"Lori gonjwa?"

"Ndiyo, afande. Tumejaribu yote."

"Wewe iko mzima?"

"Mimi mzima, afande."

"Haya. Lori iko mingi kambini. Dereva ndiyo hapana. Panda."

Enoka akamtazama mama yake, akafungua mdomo, lakini askari alikuwa ameshamshika mkono. Akapanda nyuma, katikati ya bunduki. Vumbi likaimeza gari njia ya Kasese.

Katembo alibaki amesimama, mikono imejaa oili, hajui pa kuiweka.

"Fungua mpira wa chini wa rejeta," Yunia akamwambia. "Utakuta unga wa muhogo. Nilidhani lori ikifa, watamwacha."