Neno Lililopandwa Bariadi

Kitendawili, wajukuu: nina shamba, ukipanda neno humo hakuna jembe la kuling'oa. Mmeshindwa? Nipeni mji. Bariadi? Haya, nimeupokea. Ni daftari la bitcoin, lile linalokaa kwenye kompyuta za dunia nzima. Hilo ndilo lililowagombanisha watoto wa Mzee Luhaga kule Mkula.

Mzee alikuwa kitandani, hainuki. Binti yake Scola, tangu afiwe na mume, ndiye aliyemlisha na kumgeuza miaka mitatu. Asubuhi moja mzee akamwita peke yake, akamwachia shamba la mpunga.

"Tuandike kwenye bitcoin," Scola akawaambia nduguze.

Kaka yake, Mwandu, mchuuzi wa samaki Lamadi, akaruka. "Daftari lile ni la fedha! Unataka Wajapani wabebe mpunga wetu kwenye kompyuta zao mpaka kiama? Nenda kwa mtendaji akupigie muhuri kwenye karatasi."

"Kalatasi zinachanika, kaka. Ya shangazi uriichana wewe."

Mwandu akageukia jingine. "Na likikosewa neno?"

"Haribadiriki. Ndiyo uzuri wake."

Baba mdogo Maganga, mkubwa wa ukoo, akakata shauri: kitakachoandikwa humo Luhaga akiwa hai ndicho kitakachofuatwa, na atakayebisha si mwenzao tena. Mwandu akakubali shingo upande.

Scola akapanda gari mpaka Bariadi kwa Paschal, fundi wa kompyuta aliyehamia kutoka Tanga. Akamtamkia maneno ya baba taratibu, moja moja, asipoteze hata moja. Wakaulizana mawili matatu, wakacheka, Paschal akabonyeza. Kwisha.

Mwezi uliofuata mzee akafariki. Matanga yalipoanuliwa, ukoo ukakaa uani, Paschal akaitwa aje na simu yake. Mwandu alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu aliyekwisha kushindwa.

Paschal akasimama, akasoma. Scola akalisikia neno la baba yake, zima, halijapungua hata punje: shamba la mpunga la Mkula ni mahali ya Scola.

Akafumba macho, machozi yakamtoka. Miaka mitatu ya kufua mashuka. Sasa atalala kwake, atakula kwake, hakuna wa kumfukuza.

Alipoyafumbua, mashangazi walikuwa wanatazama chini. Mwandu ndiye aliyeinua kichwa, meno yote nje.

"Tumesikia," Maganga akasema. "Kwa mila yetu, kitu hicho kikishapokelewa nyumbani kwa binti, ni cha kaka yake. Shamba ni la Mwandu."

"Ra Mwandu? Si mmesikia wote ni rangu?"

Mama mmoja akajifunika kanga usoni.

"Halifutiki, dada," Mwandu akasema. "Mimi nilitaka karatasi."

"Baba hakusema hivyo!"

"Baba hayupo. Umebaki wewe na daftari lako."

Scola akamgeukia Paschal, akamshika shati. "Wewe! Uriandika nini?"

Paschal akamwonyesha neno kwenye simu.

"Mahari, dada. Nilikuuliza, 'Mahari? Ya ng'ombe?' Ukacheka, ukaniambia, 'Ndiyo, na ng'ombe wangu watalala hapo hapo.'"