Laki Tano, Elfu Kumi, Mia Tano na Kumi

Tangu apatwe na kiharusi, mwalimu wa hesabu hakuwa akimtambua hata mkewe. Muuguzi alimuuliza tena jina la mama huyu anayemlisha, naye akakodolea macho kijiko.

Mkewe uvumilivu ulimwishia. "Haya, laki tano, elfu kumi, mia tano na kumi inagawanyika kwa namba tasa zipi?"

Uji ulimchuruzika kidevuni. "Mbili, tatu, tano, saba, kumi na moja, kumi na tatu, kumi na saba," alisema bila kusita. "Ni zile saba za mwanzo. Zizidishe, utaipata."

"Na mimi ni nani, mume wangu?"

Alimtazama kwa adabu. "Samahani dada, sijakufahamu."

Mkewe akabamiza bakuli mezani, akaanza kutafuta namba kubwa zaidi.