Moka za Mustafa

Kwa mara ya tatu tangu mvua zianze, Mustafa alitoka msikitini peku.

Alisimama kwenye ngazi, akatazama mahali alipokuwa ameziacha moka zake nyeusi, akatikisa kichwa taratibu. Hakupiga kelele wala hakumwuliza mtu.

"Dokta! Leo tena?" Fadhili alicheka kutoka ndani ya bajaji yake, aliyokuwa ameiegesha kwenye kivuli cha ukuta. "Si nilikwambia uvae ndala kama sisi? Moka zinang'aa vile, halafu unaziacha mlangoni kabisa. Unamtafutia mwenzio dhambi."

"Nilizipenda."

"Ulizipenda nini, na zilikuwa zinakupwaya! Mguu unatangulia, kiatu kinafuata baadaye." Akampisha aingie kwenye bajaji. "Huyu mwizi niachie mimi. Ijumaa ijayo nakaa hapahapa, namkamata."

"Wewe swali tu. Atajulikana."

"Kwa ramli?"

"Kwa subira," alisema Mustafa.

Mustafa hakuamini ramli. Aliamini fangasi. Fangasi si mmea wala mnyama. Hawezi kujitengenezea chakula, hula anachokikuta. Yule wa miguuni hula ngozi ngumu ya juu, na hupenda giza, joto na unyevu, yaani hupenda kiatu. Vimbegu vyake, ambavyo jicho halivioni, huweza kukaa ndani ya kiatu miezi kadhaa vikiusubiri mguu mwingine. Mustafa alikuwa na ugonjwa huo katikati ya vidole, kwa hiyo moka zake nazo zilikuwa nao. Aliyezichukua angeanza kujikuna. Akishajikuna vya kutosha, angetafuta dawa.

Na dawa ilikuwa hatua chache kutoka msikitini, kwenye duka la Mustafa mwenyewe, hapo Ufukoni.

Duka lenyewe lilikuwa linakata roho. Mwaka uliopita, ng'ambo ya barabara, lilifunguliwa duka kubwa la dawa lenye vioo, kiyoyozi na mabinti wawili kaunta. Wateja wa homa na kikohozi wakavuka barabara. Mambo yakibaki vile, kufikia mwezi wa sita Mustafa angefunga na kurudi Mpapura kupuliza salfa kwenye mikorosho ya baba yake. Mzee huyo alikuwa amepigana na ubwiriunga maisha yake yote, ule unga mweupe unaokausha maua ya korosho. Ubwiriunga nao ni fangasi. "Huyu mdudu," mzee alizoea kulalamika, "ukimpa nafasi moja, anakuletea ukoo mzima."

Wale waliochukua moka za kwanza na za pili walikuwa wameshafika dukani. Mmoja alikuwa fundi seremala, mwingine bwana mmoja wa bandarini mwenye soksi safi sana. Kila mmoja alikuja akichechemea, akanunua, akaondoka. Mustafa hakuwatajia viatu. Siku chache baadaye walirudi, na wake zao.

Wiki kadhaa zikapita. Asubuhi moja bajaji ikasimama mbele ya duka. Fadhili alisubiri mama mmoja amalize kununua dawa ya mafua, ndipo akaingia.

"Dokta, una dawa ya muwasho?"

"Wa wapi?"

"Wa miguu. Si mimi. Mdogo wangu, kule Mpapura."

"Mpe pole. Ulimwanzaje?"

"Nani ajue? Tangu apate zile moka, hazivui hata akienda kupalilia mihogo…" Fadhili akaanza kulichunguza feni la dukani kana kwamba anataka kulinunua.

"Moka," alisema Mustafa.

"Za mtumba," Fadhili alijibu upesi.

"Mitumba siku hizi ina mambo. Nani mwingine anajikuna?"

"Mama. Dada. Wote wanaogea bafu moja." Akainama juu ya kaunta, akashusha sauti. "Na mimi nilizijaribu siku moja tu, Dokta. Wallahi siku moja. Sasa umepanda juu."

"Juu wapi?"

"Ndugu yangu, usinifanyie hivyo."

Mustafa akajikaza asicheke. "Mbona hukwenda hapo ng'ambo? Wana kila kitu."

"Kwa mabinti wale? Nikawaambie nini? Na wakisema wanataka kuona?"

Mustafa akamtolea tyubu nne, akampa maelekezo yote: waoge, wajikaushe vizuri katikati ya vidole, wapake asubuhi na jioni, wasiache dawa muwasho unapopoa. Alieleza pole pole, kwa usahihi, kama alivyofundishwa. Kuhusu kukausha viatu juani au kuvitupa, hakusema neno.

Fadhili alilipa bila kuomba apunguziwe. Mlangoni aligeuka, macho yakiwa chini.

"Mwenzangu, mtu mwingine angeshanishika shati. Wewe una moyo."

"Msalimie mama."

"Madereva wote wa kijiweni nitawaleta hapa. Wote!"

"Karibuni sana."

Bajaji ilipoondoka, Mustafa alimpigia simu wakala wake, akaagiza katoni mbili zaidi za tyubu zilezile. Kisha akaingia chumba cha nyuma na kufungua boksi. Ndani mlikuwa na moka za kahawia, namba arobaini na tatu, alizochagua jana kwenye mitumba baada ya kuzikataa pea kadhaa zilizomtosha. Akazipiga kiwi mpaka zikaonyesha uso wake.

Halafu akamimina maji kidogo ndani ya kila kiatu, akatumbukiza miguu yake, ambayo tangu mvua zianze hakuwahi kuipaka dawa. Ijumaa ilikuwa kesho.