Dole Gumba la Bingwa wa Beni

Ilibaki penalti moja ya kuamua mshindi wa shindano la soka la kwenye simu. Mtandao wa pale Bulengera ulikuwa mzito kama kawaida: ukibonyeza sasa, mchezaji aliye ndani ya simu anatii baadaye. Golikipa anayengoja kuona mpira huwa ameshafungwa.

Ornella, ambaye zamu hii alikuwa golikipa, aliacha kutazama simu yake. Ng'ambo ya meza alikaa bingwa kutoka Beni, dole gumba lenye ukucha uliomeguka likielea juu ya kioo.

"Unaangalia wapi, dada? Mupira iko ku telefone!"

"Piga tu, kaka."

Dole likateleza kushoto. La Ornella likalifuata papo hapo.

Kwenye simu zote mbili, mpigaji alikuwa bado anaukimbilia mpira. Ornella akaiweka yake mezani, akasimama.

"Pole, kaka. Nimeisha kuikamata."